Kuchora majengo kwa mashine kutoka picha za droni: mwongozo kamili kwa wachora ramani wa mitaani

Modeli, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, huona karibu kila paa ikifunzwa vizuri. Ipe picha ya droni ya Tandale au Manzese, na kabla kahawa haijapoa itakuwa imekurudishia mapaa ya mtaa mzima. Shida ni kwamba itayarudisha yameshikana. Mapaa matano ya mabati yaliyoachana kwa upana wa bega yanatoka kama jengo moja refu lenye kingo za ngazi-ngazi, na kwenye ramani ya mafuriko au ya ugawaji wa vyandarua nyumba tano zimegeuka moja.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mwanya ulio kati ya nyumba na nyumba. Mifano ni ya mitaa iliyobanana ya Dar es Salaam na ya Unguja, na ramani inayolengwa ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Anayefanya kazi Kibera au Goma atabadilisha aina za mapaa na pengine namba ya projeksheni, yaani mfumo wa kulaza uso wa dunia kwenye ramani bapa. Mengine yanabaki vilevile.

Kabla ya kufunza chochote

Angalia kwanza kilichokwisha kuchorwa. Microsoft ilitoa mwaka 2019 majengo ya Tanzania na Uganda, kama milioni 18 kwa pamoja, Tanzania ikiwa na milioni 11 hivi. Google ilianza kutoa Open Buildings mwaka 2021 kwa Afrika, na toleo la tatu la Mei 2023 lina majengo bilioni 1.8 kutoka Afrika, Asia ya Kusini na Kusini Mashariki, Amerika ya Kusini na Karibi. Data zote mbili zina leseni inayoruhusu kuingizwa OpenStreetMap. Watu wengi huchanganya hapa: kuchora juu ya picha za setilaiti zinazoonekana ndani ya Google Maps hakuruhusiwi, lakini data ya Open Buildings imetolewa rasmi chini ya leseni huria, kwa hiyo kuitumia ni halali.

Kila jengo la Open Buildings lina namba ya uhakika, kuanzia 0.65 hadi 1. Kijijini, nyumba zikiwa zimetawanyika shambani, chuja kwa 0.75, pitia kwa macho, na huenda usihitaji zaidi ya hapo. Mjini penye msongamano hali ni nyingine. Data hizo zilitokana na picha za setilaiti ambazo pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni kama sentimita 50 ardhini. Uchochoro wa sentimita 40 haujazi hata pikseli moja, na hakuna modeli itakayouona kwa sababu haumo kwenye picha. Hapo ndipo picha ya droni na modeli yako mwenyewe vinapostahili jasho lake.

Jaribio la haraka: pakua majengo yaliyopo ya kipande cha mita 200 kwa 200, yaweke juu ya picha mpya ndani ya QGIS, programu huria ya ramani, kisha uhesabu nyumba hamsini kwa jicho. Zikionekana arobaini na tano au zaidi zikiwa zimetengana, tumia data iliyopo. Zikionekana thelathini, endelea kusoma.

Picha: leseni, pikseli, na kukaa mahali pake

Picha zenye leseni huria hupatikana OpenAerialMap, hazina ya mtandaoni ya picha za angani. Picha zake zina leseni ya CC BY 4.0, na kuchora kwa ajili ya OpenStreetMap kunaruhusiwa. Mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulipiga visiwa vyote viwili kwa droni, na Dar es Salaam ina picha nyingi zilizotokana na Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya jiji hilo. Ukirusha droni yako, ruhusa ya mamlaka ya anga inatangulia kila kitu. Kisha hakikisha picha zinalaliana asilimia 75 hadi 80 kwa mbele na angalau 65 kwa ubavu. Zikilaliana kidogo kuliko hapo, kingo za mapaa kwenye picha iliyounganishwa huwa kama zimeyeyuka kwenye jua, na modeli itazichora hivyohivyo zilivyoyeyuka.

Usipeleke pikseli za sentimita 4 au 7 moja kwa moja kwenye modeli. Ishushe picha hadi sentimita 10. Kutoka 7 kwenda 10 unapunguza pikseli kwa nusu, na modeli inaona eneo pana zaidi kwa wakati mmoja bila kupoteza uchochoro: mwanya wa sentimita 40 bado una pikseli nne. Usishuke zaidi ya 15. Kwenye sentimita 30, ambazo ni takribani kiwango cha 19 cha ukuzaji katika ramani za mtandaoni, mwanya huohuo umebaki pikseli moja yenye kivuli.

Amri ya GDAL, zana huria ya kubadilisha picha na data za ramani, ni hii:

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 0.1 0.1 -r average -co COMPRESS=DEFLATE -co TILED=YES -co BIGTIFF=YES picha.tif mtaa_10cm.tif

Namba 32737 ni ukanda wa UTM 37 Kusini, unaofunika Dar es Salaam, Zanzibar na hata Nairobi. Goma ni 32735. Kazi yote ya kupima, kurahisisha na kunyoosha ifanyike katika projeksheni hii ya mita. Digrii za latitudo na longitudo ziingie mwisho kabisa, wakati wa kutoa faili la kupeleka OpenStreetMap.

Sasa hakikisha picha imekaa mahali pake. Droni ya kawaida isiyo na alama za vipimo ardhini inaweza kuhama mita kadhaa. Weka picha chini ya majengo yaliyomo OpenStreetMap na chini ya nyayo za GPS, uangalie makutano ya barabara matatu au manne yaliyo mbalimbali. Kama yote yamehamia upande mmoja kwa kiasi kilekile, sogeza picha nzima. Kama kila pembe imehamia kwake, picha imepinda. Irudishe kwa pointi za kurekebisha kabla ya hatua nyingine yoyote. Usiruke hapa. Modeli ikifundishwa kwa michoro iliyohama mita moja kutoka kwenye picha, itajifunza kwamba nyumba iko mita moja pembeni ya paa lake, na hutaelewa kwa nini kila jengo limevaa kivuli chake.

Michoro ya mafunzo

Hapa ndipo muda uingie. Chagua vipande 20 hadi 30 vya mita 100 kwa 100, vilivyotawanyika eneo lote. Visiwe vya mtaa mmoja. Kila aina ya paa iwemo: mabati mapya yanayong'aa mpaka yanaungua kwenye picha, mabati yenye kutu yanayofanana na udongo, vigae, makuti, paa la zege lenye matangi ya maji na nguo zilizoanikwa. Mapagale yanahitaji uamuzi wa mapema, maana nyumba isiyoezekwa huonekana kama kuta tupu zenye vyumba vya mchanga. Ushauri wetu ni kuyachora kama aina ya peke yake, kwa sababu ukiyachanganya na nyumba zilizoezekwa modeli itaanza kuona kila ua wenye ukuta kama jengo.

Weka pia vipande visivyo na nyumba hata moja: kiwanja cha mpira, ufukwe wenye ngalawa, yadi ya makontena, soko lenye maturubai, barabara yenye malori. Modeli isiyowahi kuonyeshwa lori jeupe likiwa si nyumba italiandikisha kama nyumba ya mita sita.

Sheria za kuchora ziandikwe na kila mchoraji azifuate:

- Fuata ukingo wa bati. Usikisie ukuta ulio chini yake.
- Kila paa liwe poligoni yake, yaani umbo lake lililofungwa, hata kama mabati yanagusana.
- Kati ya majirani acha mwanya wa pikseli mbili au tatu hata pale ambapo jicho linaona mstari mwembamba tu.
- Kibaraza kilichoezekwa kwa paa lilelile ni sehemu ya nyumba. Banda la uani lenye paa lake ni jengo lake.
- Mti ukifunika kona, endeleza mstari kama paa linavyoelekea. Mwembe ukifunika zaidi ya nusu ya paa, ondoa nyumba hiyo kwenye mafunzo kwa kuifunika na rangi ya "usihesabu".

Kuhusu ukingo wa bati: nyumba ya mita 8 kwa 10 yenye bati lililotokeza nusu mita kila upande ina paa la mita 9 kwa 11. Ukubwa umepanda kutoka mita za mraba 80 hadi 99, karibu robo nzima. Kwa ramani ya kuhesabu nyumba si neno. Kwa anayekadiria idadi ya watu kwa ukubwa wa sakafu, ni kosa la kurekebisha baadaye, na linarekebishika kirahisi ikiwa wachoraji wote walifuata sheria moja.

Sasa geuza michoro kuwa picha ya rangi tatu: ndani ya jengo, mpaka, na mengineyo. Mpaka ni ukanda wa pikseli mbili kila upande wa ukingo, na popote nyumba mbili zinapokaribiana chini ya mita moja, mwanya wote uwe mpaka. Hiki ndicho kitu kimoja kinachotenganisha modeli inayofaa uswahilini na ile isiyofaa. Modeli ya rangi mbili, jengo na si-jengo, haipati adhabu ya maana ikimeza uchochoro, kwa sababu uchochoro una pikseli chache mno. Ukiupa uchochoro rangi yake na uzito wake, modeli inalazimika kuutafuta.

Gawa vipande: asilimia 70 vya kufunzia, 15 vya kupimia njiani, 15 vya mtihani wa mwisho. Gawa kwa maeneo, kabla ya kukata vigae vidogo, yaani miraba ya picha inayolishwa modeli. Ukikata kwanza kisha ukachanganya, kigae cha mtihani kitakuwa kinalaliana na cha mafunzo, modeli itakuwa imeshaona majibu, na alama zake zitakuwa za kuibia.

Kufunza

Kwa asiye na kompyuta yenye GPU (kadi ya michoro yenye nguvu) wala hamu ya kuandika Python, shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team (HOT) lina fAIr, inayofanya kazi kwenye kivinjari. Unachagua picha ya OpenAerialMap, unachora maeneo ya mafunzo, inachota majengo ya OpenStreetMap yaliyomo humo yawe mfano, kisha inafunza na kutabiri. Sharti ni moja: majengo hayo yawe sahihi na yawe yamekaa juu ya picha hiyohiyo. Yakiwa yalichorwa miaka mingi iliyopita juu ya picha nyingine, yasogeze na kuyasahihisha kwanza, au chora upya.

Kwa anayefunza mwenyewe, U-Net, aina ya modeli inayoipa kila pikseli rangi yake, bado inatosha kabisa. Ilibuniwa mwaka 2015 kwa ajili ya picha za seli chini ya hadubini, na seli zinazogusana ni tatizo lilelile la mapaa yanayogusana. Hata ujanja wa kuupa mpaka uzito mkubwa ulitoka huko. Vipimo vya kuanzia navyo:

- vigae vya pikseli 512 kwa 512, yaani mita 51 kila upande, vikilaliana pikseli 128;
- sehemu ya mbele iwe ResNet34, modeli ya kutambua picha, iliyokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida;
- vigae 8 kwa kundi kwenye GPU ya gigabaiti 16, au 4 kumbukumbu ikijaa;
- mizunguko 30 hadi 50, ukisimamisha pale kosa la vipande vya kupimia linapoacha kushuka kwa mizunguko 7 mfululizo;
- kosa lipimwe kwa kanuni mbili, Dice pamoja na cross-entropy, mpaka ukipewa uzito mara tatu hadi tano ya ndani ya jengo;
- zungusha vigae kwa digrii 90, vigeuze kama kwenye kioo, na badilisha mwanga na rangi kidogo.

Kubadilisha mwanga kusiachwe. Droni iliyorushwa saa tatu asubuhi na iliyorushwa saa saba mchana hutoa mitaa miwili tofauti machoni pa modeli: kwenye ile ya kwanza vivuli ni virefu na vinafunika vichochoro, kwenye ya pili mabati yanang'aa mpaka kingo zinapotea.

Kuna wanaouliza kuhusu Segment Anything, modeli iliyotolewa na Meta Aprili 2023. Ni nzuri kwa kubofya: unagusa paa, inachora ukingo. Haijui nyumba ni nini, kwa hiyo ukiiachia picha nzima itakuchorea pia miti, magari na madimbwi. Itumie kuharakisha michoro ya mafunzo, halafu isahihishe kwa mkono.

Kutoka pikseli hadi poligoni

Kilomita moja ya mraba kwa sentimita 10 ni pikseli milioni 100, kama vigae 700 vya ukubwa tuliotaja. Wakati wa kutabiri, chukua sehemu ya kati tu ya kila kigae na utupe ukanda wa pembeni, maana modeli hukosea zaidi pembezoni ambako haioni nyumba imeishia wapi. Ukipuuza hili utapata majengo yaliyokatwa kwa mistari iliyonyooka kaskazini-kusini kila baada ya mita 38. Ukiona mistari ya namna hiyo, usiitafute modeli. Tatizo ni ulivyounganisha vigae.

Kisha fuata mpangilio huu bila kuupindua.

Chukua rangi ya ndani tu, kwa kizingiti cha uhakika cha 0.5, penye msongamano panda hadi 0.6. Kila kipande kilichojitenga kipe namba yake. Kikuze kila kimoja hadi kifidie ule mpaka wa pikseli mbili, lakini kwa njia ya watershed iliyomo katika scikit-image, maktaba ya Python ya kuchakata picha, ambayo vipande hukua mpaka vinapokutana na kusimama. Wanaotumia bafa ya kawaida (kupanua umbo kila upande) ya sentimita 20 katika QGIS hupata majirani waliolaliana kwa ukanda mwembamba, na JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, itawalalamikia mmoja mmoja.

Geuza kuwa poligoni kwa gdal_polygonize. Matokeo yana ngazi: nyumba ya kona nne iliyolala mshazari inatoka na mamia ya kona, moja kila pikseli. Rahisisha kwa Douglas-Peucker, njia ya kuondoa kona zisizohitajika, kiwango cha mita 0.3 hadi 0.5. Chini ya hapo ngazi zinabaki. Ukifika mita 1 unaanza kula vibaraza, na kona za nyumba ndogo zinakatika.

Baada ya kurahisisha, nyoosha pembe kuwa digrii 90 kwa zana ya Orthogonalize ya QGIS. Ukinyoosha kabla ya kurahisisha, kila ngazi ndogo itapewa pembe yake ya mraba iliyo safi kabisa, na utakuwa umeipamba takataka. Nyumba za msonge na mapaa ya makuti ya mviringo yatenge kwanza. Kunyoosha kutazigeuza pembenane.

Mwisho futa vilivyo vidogo mno. Kizingiti cha kawaida ni mita za mraba 5 au 6, lakini uliza kwanza ramani ni ya nini. Kwenye kazi ya usafi wa mazingira, choo cha uani chenye mita mbili za mraba ndicho kilichotafutwa, na ukikifuta umefuta kazi.

Kuyakata yaliyoshikana

Hata kwa modeli ya rangi tatu, sehemu ya majengo itabaki imegandana. Usiyatafute kwa kupekua mtaa mzima. Ndani ya QGIS chagua kwa sharti hili:

area($geometry) / area(convex_hull($geometry)) < 0.8 OR area($geometry) > 250

Sehemu ya kwanza inashika maumbo yenye mabonde, ambayo mara nyingi ni nyumba mbili zilizoshikana kwa pembe. Sehemu ya pili inashika safu ndefu iliyonyooka. Hiyo 250 ibadilishe kulingana na mtaa; Mbezi nyumba moja inaifikia, Tandale karibu kila inayoifikia ni mkusanyiko. Chukulia orodha hiyo kama foleni ya kukaguliwa. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba mbele na mabanda yaliyozunguka uani kwa paa moja ina umbo la U kihalali kabisa, na itaingia kwenye foleni bila kosa.

Toa foleni kama faili la GeoJSON, ifungue ndani ya JOSM juu ya picha asilia. Tumia ile ya sentimita 7, maana jicho linafaidika na pikseli ambazo modeli haikuzihitaji. Tafuta mistari ya mabati. Paa moja huwa na mikunjo inayoelekea upande mmoja, kutoka mgongoni kushuka kwenye ukingo. Mikunjo ikigeuka ghafla, au rangi ya kutu ikikatika kwa mstari ulionyooka, kuna uwezekano mkubwa umevuka kwa jirani. Kivuli chembamba upande mmoja tu humaanisha paa moja liko juu ya jingine.

Ongeza kona mbili kwenye ukingo, mahali mpaka unapoanzia na unapoishia, chagua kona hizo pamoja na jengo, bonyeza Alt+X. Amri hii inatoka kwenye programu-jalizi ya utilsplugin2. Safu ya fremu za maduka ikate kwa Terracer, programu-jalizi nyingine ya JOSM, ukiipa idadi ya vyumba. Ukimaliza nyoosha kwa Q, na hapa pana mtego: nyumba mbili zilizokatwa zinashiriki kona. Ukinyoosha moja, kona za pamoja zinahama na jirani anapinda. Chagua zote mbili kwanza, ndipo ubonyeze.

Majengo marefu

Mitaa ya nyumba za chini haina taabu hii, ila Kariakoo na Posta inayo, hasa kwa picha za setilaiti zilizopigwa kwa mshazari. Kamera ikiinama digrii 20, paa la mita 4 kutoka ardhini linahama kama mita 1.5 kutoka kwenye msingi wake. Ghorofa la mita 30 linahama karibu mita 11, yaani paa lake linatua juu ya barabara ya pili. Modeli inachora paa. Chagua jengo ndani ya JOSM na ulisogeze lote mpaka kona zake zikae kwenye mguu wa ukuta unaoonekana. Usibadilishe umbo.

Kupima kazi

Alama ya pikseli inadanganya. Chukua mfano wa kubuni: nyumba kumi kwa safu, kila moja paa la mita 8 kwa 10, na mianya ya sentimita 40 katikati. Modeli ikizichora kama jengo moja, imeongeza mita za mraba 36 juu ya 800, kwa hiyo kwa hesabu ya pikseli imepata karibu asilimia 96. Kwa hesabu ya nyumba imetoa moja badala ya kumi.

Pima kwa nyumba. Kwenye vipande vya mtihani, nyumba imepatikana kama poligoni ya mashine na ya mkono zinalaliana angalau nusu ya eneo lote ambalo zote mbili kwa jumla zinafunika. Andika namba tatu: nyumba ngapi za kweli zimepatikana, poligoni ngapi za mashine hazina nyumba, na poligoni ngapi zimebeba nyumba zaidi ya moja. Hii ya tatu ndiyo itakayokuambia siku ngapi za kukata zinakusubiri, na ikizidi moja kwa kila tano, rudi ukaongeze michoro ya mafunzo yenye vichochoro. Ni nafuu kuliko kukata.

Kuingiza OpenStreetMap

Majengo mengi ya Dar es Salaam yalishachorwa na watu walioyatembelea kwa miguu, na yana lebo za ghorofa, matumizi na majina. Hayo hayafutwi. Pakua yaliyopo, kisha uondoe kwenye matokeo ya mashine kila poligoni inayolaliana na jengo lililopo kwa zaidi ya asilimia 30. Ukitumia sharti la kugusa tu, utapoteza nyumba mpya zilizopakana na za zamani. Pale umbo la zamani ni bovu na jipya ni zuri, tumia programu-jalizi ya utilsplugin2, Ctrl+Shift+G: umbo linabadilika, na historia pamoja na lebo zinabaki kwa jengo lilelile.

Kuingiza data ya mashine kwa wingi kuna taratibu zake kwenye OpenStreetMap, na anayeziruka hurudishiwa kazi yake yote. Andika ukurasa wa wiki unaoeleza picha, leseni, modeli na hatua za ukaguzi. Jadiliana kwanza na wachora ramani wa nchi husika na pia kwenye mjadala wa dunia wa uingizaji data. Tumia akaunti tofauti na ile ya kuchora kila siku. Furushi moja la mabadiliko (changeset) lina kikomo cha vitu 10,000, na kona nazo zinahesabiwa, ila usikaribie huko. Majengo mia mbili au tatu ya kitongoji kimoja yanatosha, kwa sababu kosa likigundulika unarudisha kitongoji badala ya wilaya.

Lebo iwe building=yes na basi. Mashine haijui kama ni makazi, duka au msikiti. Ukubwa wa eneo na namba ya uhakika usiviingize. Jina la picha na mwaka wake viandikwe kwenye maelezo ya furushi. Kabla ya kupakia bonyeza Shift+V, urekebishe kila kosa la majengo yanayokatana na jengo ndani ya jengo. Yale yanayolaliana kwa sentimita chache yaunganishe kona kwa M.

Kushuka mtaani

Chapisha karatasi za A4, kila moja kipande cha mita 150 hivi, kila nyumba na namba yake ya muda. Taarifu serikali ya mtaa mapema na utembee na mjumbe, ambaye kwa kawaida anajua paa lipi ni nyumba ya wapangaji sita na lipi ni stoo. Kagua kipande kimoja kati ya kumi, ukichagua kwa kura. Ukiwaachia wakaguzi wachague wenyewe, watakwenda palipo karibu na barabara. Waandike mambo matatu tu: nyumba iliyokosekana, iliyozidi, na inayopaswa kukatwa, wakichora mstari wa kukata kwa kalamu nyekundu.

Mistari hiyo myekundu irudishwe kwenye michoro ya mafunzo wiki ileile, pamoja na tarehe ya picha. Nyumba ambayo mkaguzi ameikuta na kwenye picha ni kiwanja kitupu imejengwa baada ya droni kupita. Ichore kwenye ramani kwa GPS, ila usiiweke kwenye mafunzo.